Hadithi za Ajabu Katika Televisheni: Uzuri na Upungufu wa "The Rings of Power"

Mzazi aonaye watoto wake wameketi mbele ya televisheni saa nzima bila kupepesa macho, wakitazama watu wenye masikio yaliyochongoka, majitu ya theluji na milima itemayo moto, hujiuliza maswali mawili. Kwanza, je, pana ubaya gani hapo? Pili, je, pana faida gani? Maswali yote mawili ni ya haki. Wala hayajibiwi kwa kukizima chombo kwa hasira, wala kwa kukiacha kiwake mchana kutwa. Hujibiwa kwa kukitazama kitu chenyewe na kukipima. Leo twapenda kuipima tamthilia moja inayotazamwa sana na vijana, yaani ile iitwayo The Lord of the Rings: The Rings of Power, maana yake Pete za Mamlaka. Twaichagua hiyo kwa sababu imetoka katika maandiko ya Mkatoliki mmoja, na kwa sababu uzuri wake na upungufu wake vyote viwili vyaweza kutufundisha namna ya kuzitazama nyingine.

Hadithi ya ajabu si jambo geni kwetu. Kabla vitabu havijaenea, bibi zetu waliwaketisha watoto jioni karibu na moto wakawasimulia habari za zimwi lililomeza kijiji kizima, na za sungura aliyemdanganya fisi. Hakuna mtoto aliyeondoka pale akidhani kwamba fisi huoa na kujenga nyumba. Lakini kila mtoto aliondoka akijua kwamba ulafi humwangusha mwenye nao. Basi hadithi ya namna hiyo haina kosa kwa kuwa imebuniwa. Kosa lake, kama lipo, hutafutwa penginepo. Je, ndani ya ulimwengu wake wa kubuni, wema hubaki kuwa wema na uovu kuwa uovu? Je, mambo yake hufuatana kwa sababu, au hutokea tu kwa vile mtungaji alitaka yatokee? Na je, mtazamaji akiisha kutazama, aujua moyo wake mwenyewe zaidi kidogo kuliko kwanza?

Habari hizi zote zilianza kwa mtu mmoja, J. R. R. Tolkien. Watu wachache wajua kwamba alizaliwa katika bara letu la Afrika, katika mji wa Bloemfontein, tarehe 3 Januari 1892. Mama yake alimchukua Uingereza pamoja na ndugu yake mdogo mwaka 1895, na mwaka uliofuata baba yao akafa huko Bloemfontein kabla hawajaonana tena. Mwaka 1900 mama huyo mjane, Mabel, aliingia katika Kanisa Katoliki. Jamaa zake walikasirika, wakamnyima msaada wa fedha. Alivumilia, akawafundisha wanawe imani, akafa kwa ugonjwa wa kisukari mwaka 1904. Kabla ya kufa aliwakabidhi watoto kwa Padre Francis Morgan wa nyumba ya Oratorio ya Birmingham, nyumba iliyoanzishwa na John Henry Newman, ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2019. Padre huyo aliwalea kama baba. Tolkien hakusahau kamwe kwamba imani yake ilinunuliwa kwa mateso ya mama yake.

Alipokua alipigana vita katika Somme mwaka 1916, kisha akawa profesa wa lugha za kale katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kitabu chake The Hobbit kilitoka mwaka 1937. Kile kikubwa, The Lord of the Rings, kilitoka katika majuzuu matatu kati ya 1954 na 1955. Katika barua aliyomwandikia padre mmoja rafiki yake mwaka 1953, alieleza kwamba kitabu hicho katika msingi wake ni cha dini na ni cha Kikatoliki, ijapokuwa ndani yake hamna makanisa wala sala za kawaida; dini imeingia katika hadithi yenyewe kama chumvi iingiavyo katika chakula. Msomaji mwangalifu aona dalili ndogo ndogo. Kwa mfano, siku Pete mbaya inapoteketea ni tarehe 25 Machi, ndiyo siku Kanisa linapoadhimisha Kupashwa Habari Bikira Maria. Tolkien alifariki tarehe 2 Septemba 1973.

Sasa twende kwenye tamthilia yenyewe. Mwaka 2017 kampuni ya Amazon ya Marekani ilinunua haki ya kutengeneza tamthilia, na magazeti ya biashara yaliandika kwamba bei ilikuwa karibu dola milioni 250. Msimu wa kwanza, wenye sehemu 8, ulipigwa picha New Zealand, ukaonyeshwa kuanzia Septemba hadi Oktoba 2022. Msimu wa pili, wenye sehemu 8 tena, ulitengenezwa Uingereza, ukaonyeshwa kuanzia Agosti 29 hadi Oktoba 3, 2024. Wasimamizi wake wakuu ni J. D. Payne na Patrick McKay. Gharama ya msimu wa kwanza peke yake ilitajwa kuwa kama dola milioni 465, bila kuhesabu bei ya zile haki. Kwa fedha kama hiyo mtu angetazamia makuu, na kwa macho makuu yapo: miji iliyochongwa ndani ya milima, merikebu zenye matanga meupe, bandari za Númenor zenye sanamu ndefu kuliko minara. Muziki wa Bear McCreary ni mzuri kweli kweli, hata mtu akifumba macho aweza kujua hadithi imefika nchi gani. Lakini uzuri wa macho na wa masikio hununuliwa kwa fedha, kwa hiyo tusikae hapo sana.

Hadithi yahusu zama za kale, maelfu ya miaka kabla ya mambo ya kitabu kikubwa. Wamo Waelfi, watu wasiokufa kwa uzee. Wamo wachimba migodi wafupi wenye ndevu, ambao kwa kukosa neno lingine tutawaita Mbilikimo, ijapokuwa hawana uhusiano wowote na watu wa misitu ya bara letu. Na wamo wanadamu wa kawaida, ambao hufa. Adui wao ni Sauron, roho mwovu aliyemtumikia bwana mwovu zaidi yake, naye ajificha akitafuta njia ya kuwatawala wote. Njia hiyo ni pete.

Sehemu iliyo bora kupita zote ni ile ya msimu wa pili inayoonyesha jinsi Sauron anavyomnasa Celebrimbor, fundi mkuu wa Waelfi. Mzazi akiwa na saa chache tu za kutazama pamoja na vijana wake, azitumie hapo. Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho kwamba hata Shetani hujigeuza awe kama malaika wa nuru. Onyo hilo twalisikia kanisani, twaitikia, twaenda zetu. Hapa twaliona likitendeka hatua kwa hatua. Sauron havunji mlango. Aja kwa sura ya mtu mnyonge, anyeshewa mvua nje ya mlango wa karakana, angoja hata fundi mwenyewe aone aibu kumwacha mgeni kwenye mvua, amkaribishe. Akiisha kuingia ndipo ajifunua, si kama mwovu, bali kama mjumbe aliyetumwa kutoka mbinguni, mwenye nuru na jina jipya, Annatar, maana yake mtoa zawadi. Na zawadi yake ya kwanza ni sifa. Amwambia fundi yale ambayo fundi amekuwa akijiambia usiku peke yake, kwamba kazi yake haijathaminiwa, kwamba jina lake laweza kuwa kubwa kuliko la wazee wake.

Kisha aja uongo mdogo. Celebrimbor amwandikia mfalme wake barua isiyo ya kweli, akificha kwamba kazi ya kutengeneza pete yaendelea. Ni barua moja tu. Lakini pete saba za Mbilikimo zinapoanza kuleta madhara, Annatar hasemi kwamba kosa ni lake. Asema kwamba uongo wa fundi ndio ulioingia katika kazi yake na kuiharibu, na kwamba dawa ni kutengeneza pete nyingine tisa, kwa ajili ya wanadamu, ili kosa litengenezeke. Wangapi kati yetu tumekwisha kuiona njia hiyo! Mtu amekopa fedha ya chama kwa siri, kisha akopa tena ili aifunike ile ya kwanza. Mshawishi ni yule yule anayekuambia kwanza kwamba dhambi ni ndogo, na baadaye kwamba ni kubwa mno, huwezi tena kurudi nyuma, kilichobaki ni kusonga mbele.

Mwishoni fundi huyo afungiwa katika ndoto ya mchana. Mji wake wapigwa kwa mawe ya vita, watu wake wafa, naye akitazama dirishani aona jua, bustani na amani. Agundua udanganyifu kwa vitu vidogo kabisa: mshumaa usiopungua, na panya apitaye pale pale kwa namna ile ile. Hapo ndipo azinduka, na yote yampasukia. Afungwapo kwa mnyororo ajikata kidole gumba ili aponyoke, aende kuwaonya wenzake. Mwigizaji Charles Edwards aonyesha aibu na ushujaa wa mzee huyu kwa uso tu, bila kelele, na Charlie Vickers, aliye Sauron, atenda kwa upole unaotisha kuliko makelele ya majitu yote. Fundi afa mikononi mwa aliyemwita rafiki, lakini afa ameikiri kweli. Mkatoliki atambua hapa jambo lipitalo ushujaa wa vita. Ni toba ya saa ya mwisho, iliyo ngumu na iliyo halisi.

Uzuri wa pili ni urafiki wa Elrond wa Waelfi na Durin, mwana wa mfalme wa Mbilikimo. Elrond aja kuomba msaada, akishangaa kwamba apokewa kwa ubaridi. Hatimaye Durin amwambia sababu: miaka 20 imepita, naye amekosa arusi yake, amekosa kuzaliwa kwa watoto wake. Kwa Elfi asiyekufa miaka 20 ni kama wiki. Kwa mwenzake ni sehemu kubwa ya maisha. Elrond haleti udhuru mrefu. Aomba radhi kwa mume na kwa mke, Disa, ambaye kwa hekima ya mama wa nyumba amekwisha kumwekea mgeni chakula kabla ugomvi haujaisha. Kwa watu wetu, ambao huona kosa kubwa mtu asipofika msibani au arusini, tendo hili halihitaji maelezo. Na kuna sehemu nyingine ambapo Disa auimbia mlima, akiuomba uwaachie wachimbaji walionaswa chini ya mawe. Hapo tamthilia yagusa kitu kama sala, bila kukitaja.

Baba yake Durin, mfalme mzee, apewa pete, na kwanza ni ya faida, kwani amwezesha kujua mahali pa kutoboa mwamba ili jua liingie tena mjini. Hiyo ni akili nzuri ya watungaji. Kishawishi kisicholeta faida yoyote hakimshawishi mtu. Baadaye tamaa yamla mzee, hata amtenda mwanawe kama adui. Kisha aivua pete, amtazama mwanawe kwa macho yake ya zamani, ajitoa mwenyewe mbele ya pepo la moto lililoamshwa na uchimbaji wake. Ni dakika chache tu, lakini ni za thamani.

Tena kuna swali la Maorki, yaani askari wa uovu. Tolkien mwenyewe lilimsumbua. Kwa kuwa aliamini kwamba Mungu peke yake ndiye Muumba, hakuweza kukubali kwamba uovu waweza kuumba viumbe vyake. Uovu huharibu tu kilichoumbwa kikiwa chema. Hayo ni mafundisho ya Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Hippo, aliyeonyesha kwamba uovu si kitu chenye asili yake, bali ni upungufu wa wema, kama giza lilivyo upungufu wa nuru. Lakini kama Maorki waliharibiwa tu, je, hawana roho? Hawaokoki? Tolkien alikufa bila kulimaliza swali. Tamthilia imelichukua kwa ujasiri. Yatuonyesha Adar, mmoja wa Waelfi wa kwanza walioharibiwa, anayewaita Maorki watoto wake na kudai kwamba nao wana majina na mioyo. Watazamaji wengine walikasirika walipoonyeshwa Orki ana mke na mtoto mchanga. Sisi twaona hasira hiyo haina msingi. Kosa la watungaji ni lingine. Waliufungua mlango huo, kisha wakaogopa kuingia. Mwishoni mwa msimu wa pili Maorki wamgeukia baba yao na kumwua kwa faida ya Sauron, upesi mno, na swali kubwa laachwa njiani kama mzigo uliomshinda mchukuzi.

Hapo tumeingia katika upungufu, nao si haba.

Upungufu wa kwanza ni ule wa kumfanya mtazamaji mpiga ramli. Msimu wote wa kwanza watu waliulizana: ni nani kati ya hawa aliye Sauron? Na yule mzee aliyeanguka kutoka mbinguni kama kimondo, ni nani? Fumbo la kwanza lilifumbuliwa katika sehemu ya 8. La pili lilichukua misimu miwili mizima, na jibu, kwamba mzee huyo ni Gandalf, watu wengi walikwisha kulikisia katika wiki za kwanza. Mtunzi anayemfichia msomaji jambo lililo moyo wa hadithi hujinyima uwezo wa kulieleza. Lau tungejua tangu mwanzo kwamba Halbrand, yule mtu wa jahazini, ni Sauron, tungetetemeka kila Galadriel anapomwamini. Badala yake tulikaa tukihesabu dalili. Msimu wa pili uliliacha kosa hilo kwa habari za Annatar, na tazameni jinsi ulivyofaulu mara moja.

Upungufu wa pili ni bahati zilizozidi. Galadriel ajitupa baharini katikati ya bahari kuu, bila chombo, na akiogelea akutana na jahazi bovu, na ndani yake yumo, kati ya watu wote wa dunia, adui mwenyewe aliyemtafuta kwa karne nyingi. Kisha waokolewa na Elendil, mtu aliye muhimu kuliko mabaharia wote katika historia ya nchi ile. Bahati moja msomaji hukubali. Ya pili hukunja uso. Ya tatu huiweka hadithi chini. Kadhalika katika sehemu ya 6 ya msimu wa kwanza upanga watumika kama ufunguo, maji yafunguliwa, yapita katika mifereji, yaingia ndani ya mlima, na mlima walipuka. Wingu la moto laja juu ya kijiji, na wakuu wetu karibu wote waamka wakiwa na majivu kichwani tu. Malkia Míriel peke yake apoteza macho, na hilo linakumbukwa baadaye, kwa heshima ya watungaji. Wengine wajipangusa na kuendelea.

Yafaa kusema kwa haki kwamba watungaji walikuwa na mikono iliyofungwa. Haki walizonunua zilikuwa za The Hobbit na The Lord of the Rings pamoja na nyongeza zake za mwishoni. Hawakuwa na haki ya kukitumia kitabu cha The Silmarillion, kilichotolewa na mwanawe Christopher mwaka 1977, ambamo habari nyingi za zama zile zimeandikwa. Basi walikuwa kama mshonaji aliyepewa mikono na kola akaambiwa ashone kanzu. Zaidi ya hayo, katika hesabu za Tolkien zama hizo zilidumu miaka 3,441, nao wameikusanya yote iwe kama miaka michache, ili wanadamu wasife kila sehemu. Ni lazima ya kazi yao, twakubali. Lakini viraka vingine ni vibaya. Hadithi waliyobuni kwamba madini ya mithril yalitoka katika mti uliopigwa na radi huku Elfi na pepo wakipigana, na kwamba Waelfi wote watafifia wasipoyapata, yaonekana kama dawa ya mganga wa sokoni. Yaponya kila kitu wala haielezi kitu.

Upungufu wa tatu ndio utuumizao zaidi, nao wahusu kifo. Katika maandiko ya Tolkien, watu wa Númenor ni wanadamu waliopewa kisiwa kizuri, maisha marefu, na amri moja tu: wasisafiri magharibi kwenda nchi ya wasiokufa. Kadiri walivyotajirika walizidi kuchukia kufa. Kifo, ambacho baba zao walikipokea kama zawadi ya Muumba na kulala kwa amani saa ilipofika, kwao kiligeuka kuwa dhuluma. Wakajenga makaburi mazuri kuliko nyumba, wakawaonea Waelfi wivu, na wivu huo ukawapeleka kwenye maangamizi. Tolkien alisema waziwazi kwamba kiini cha kazi yake kilikuwa kifo na tamaa ya kutokufa. Hapo pana somo ambalo Mkristo wa siku zetu, azungukwaye na matangazo ya dawa za kumrudishia ujana, angelisikiliza kwa faida kubwa.

Na tamthilia yafanya nini? Katika sehemu ya 4 ya msimu wa kwanza mtu mmoja wa chama cha mafundi asimama sokoni na kuwaonya wenzake kwamba Waelfi watakuja kuwanyang'anya kazi zao. Umati wapiga kelele. Basi hofu ya kaburi imegeuzwa kuwa hofu ya kukosa ajira! Hatudharau hofu ya ajira, kwani baba wa familia aijua. Lakini ni hofu nyingine. Mtu aliyekosa kazi huweza kupata nyingine kesho. Mnúmenor wa Tolkien ana kila kitu mkononi, naye ajua atakiacha. Watungaji walikuwa na kisima kirefu, wakachota maji ya juu juu.

Tuseme neno pia juu ya maneno aambiwayo Galadriel na kaka yake utotoni, kwamba pengine mtu hawezi kuitambua nuru ya kweli mpaka amekwisha kuligusa giza. Vijana hupenda usemi wa namna hii, kwa sababu wafanana na hekima na watoa ruhusa. Lakini daktari hahitaji kuugua ukoma ili autambue ukoma, na Bwana wetu alishawishiwa bila kutenda dhambi, wala hakuna aliyelijua giza kuliko Yeye. Tamthilia yenyewe, kwa bahati njema, haimwachi Galadriel aupite usemi huo bila hasara. Kiburi chake cha kumtafuta adui ndicho kilichomwinua adui, na pale alipogundua, alinyamaza kwa aibu. Kimya chake cha siku chache ndicho kilichomwacha Celebrimbor bila ulinzi. Mzazi awaulize watoto hapo: angemwambia nani, na lini?

Kuna jambo lingine lililotufanya tucheke kidogo. Katika sehemu ya 7 ya msimu wa pili Elrond ambusu Galadriel mdomoni mbele ya adui, ili ampitishie kwa siri pini ya kufungulia minyororo. Ni hila ya vita. Lakini wasomaji wa Tolkien wajua kwamba baadaye Elrond atamwoa binti wa Galadriel. Watungaji wa Marekani labda hawakuona neno. Katika nchi ambako mkwe humpisha njia mama mkwe wake na kuinamisha macho, tendo hilo halihitaji mhakiki.

Wengine walilalamika mwaka 2022 kwamba kati ya Waelfi na Mbilikimo wamo waigizaji weusi, na waigizaji hao wakatukanwa vibaya. Malalamiko haya hatuyapi nafasi kubwa. Sophia Nomvete aliye Disa ni kati ya waigizaji bora wa tamthilia nzima, na Cynthia Addai-Robinson, ambaye mama yake ni wa Ghana, ampa malkia Míriel heshima ya kweli. Kama hadithi imelegea, haikulegezwa na rangi ya mtu.

Je, watu waliipokeaje? Amazon ilitangaza kwamba siku ya kwanza watu milioni 25 duniani waliitazama. Lakini Aprili 2023 gazeti la The Hollywood Reporter liliandika kwamba kati ya walioanza msimu wa kwanza huko Marekani, asilimia 37 tu waliumaliza, na katika nchi nyingine asilimia 45. Hesabu hizo zaonyesha kilekile tulichosema: mlango ni mzuri, lakini ukumbi ni mrefu na wageni huchoka.

Kwa upande wa usafi, tamthilia hii ni afadhali kuliko nyingi za namna yake. Hamna uchi, wala zinaa haifanywi kuwa pambo, jambo ambalo mtu hawezi kulisema juu ya Game of Thrones iliyoonyeshwa kati ya 2011 na 2019. Lakini damu imo, na mauaji ya kutisha yamo, hasa katika msimu wa pili. Huko Marekani imewekewa kiwango cha miaka 14, nasi twaona kiwango hicho ni cha haki. Mtoto wa miaka 8 asiachwe nayo peke yake usiku. Kijana wa miaka 15 aitazame pamoja na wazazi, na baada ya kila sehemu pawe na maongezi ya dakika kumi mezani, hata kama ni ya kubishana. Akipenda, apewe kitabu cha The Hobbit asome mwenyewe. Nacho hakitaki umeme wala malipo ya kila mwezi.

Msimu wa tatu ulikubaliwa rasmi mwezi Februari 2025, na tangu mwanzo wasimamizi walisema wanakusudia misimu mitano. Kwa hiyo kuzama kwa Númenor bado kuko mbele yao, pamoja na mfalme Pharazôn anayekusanya merikebu zake ili akachukue kwa nguvu uhai usiokwisha. Huko ndiko itakakoonekana kama watungaji wamejifunza kusema juu ya kifo, au kama watatuonyesha wimbi kubwa tu.